Nani Amekuhadithia?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Wasomaji wapenzi, kila zama huja na chombo chake, na kila kijapo chombo kipya watu wetu hugawanyika mafungu mawili: wanaokikimbilia na wanaokikimbia. Makundi haya mawili hubishana sana, lakini yameshirikiana katika jambo moja, nalo ni kwamba yote mawili hayakukitazama chombo chenyewe. Hapa kwetu Mombasa tumewahi kuonyeshwa njia ya tatu. Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mungu amrehemu, alianza kutoa karatasi yake iliyoitwa Sahifa, na mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah. Sheikh hakulikimbia gazeti kwa kuwa ni jambo jipya, wala hakulikimbilia kwa kuwa ni jipya. Alilitazama, akajua lifanyavyo kazi, kisha akalitumia kuwaamsha watu wake.

Nimeyataja haya kwa sababu ya jambo lililoletwa kwangu. Binti mmoja aliyekhitimu Qur'ani katika chuo changu, na sasa ana umri wa miaka kumi na tisa, aliingia koleji kusoma elimu ya kompyuta. Katika muhula wa pili akapangiwa somo la mitandao ya kijamii: namna inavyojengwa, namna inavyofanya kazi, na athari yake kwa watu. Baba yake aliposikia jina la somo alighadhibika. Akanijia baada ya sala ya Alasiri akaniambia:

"Maalim, mimi natoa ada kwa jasho, na koleji yataka kumfundisha mwanangu kupiga domo katika simu. Hilo wanalijua wote bila ya kufundishwa. Nimekusudia kumtoa. Lakini wewe ndiye uliyemfundisha alifu, basi nataka neno lako kwanza."

Neno la mzazi huyu halikuwa la upuuzi. Sote twaona vijana wakikesha na simu mpaka Alfajiri ikawapita. Twaona siri za nyumba zikitangazwa, na mume na mke wakikaa chumba kimoja, kila mmoja ameshughulika na watu wake wa mbali. Mwenye kuyakhofu haya kwa mwanawe hana lawama. Lakini wanazuoni wetu wametufundisha kwamba huwezi kukihukumu kitu kabla ya kukijua, na elimu yangu mimi ni ya chuoni na skuli ya msingi. Basi nikamwambia, "Ndugu yangu, nipe siku chache. Mwanao aje pamoja na mama yake, anisomeshe yale anayosomeshwa." Akaridhia.

Binti akaja jioni nne na daftari lake. Nitayaeleza kwa ufupi niliyoyasikia, kwani naona yatawafaa wazazi ambao watoto wao wameshika vitu hivi mikononi na wao hawajui vimetoka wapi.

Jioni ya kwanza alinieleza asili yake. Mwaka 1989 Mwingereza mmoja, Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti ya CERN, karibu na Geneva huko Uswisi, alipendekeza njia ya kuziunganisha karatasi zilizomo katika kompyuta mbali mbali, hata msomaji aweze kutoka moja kwenda nyingine kwa kugusa neno. Mwaka 1993 taasisi ile ikaiachia njia hiyo watu wote waitumie bila ya malipo. Lakini hapo mwanzo walioandika walikuwa wachache na waliosoma ndio wengi. Mageuzi yalikuja pale msomaji alipopewa kalamu. Mwaka 1995 Mmarekani aitwaye Ward Cunningham alitengeneza kurasa ambazo kila azisomaye aweza kuzisahihisha, akaziita kwa neno la watu wa Hawaii, "wiki", maana yake haraka. Mwaka 2001 ikaja Wikipedia kwa njia hiyo hiyo. Kisha zikafuatana: Facebook mwaka 2004, YouTube 2005, Twitter 2006, WhatsApp 2009. Zote asili yake ni hiyo moja, kwamba aliyekuwa msikilizaji amekuwa msemaji.

Jioni ya pili nilimwuliza swali ambalo kila mfanya biashara wa mji huu angeliuliza: "Mwanangu, nani anayelipa?" Kwani mimi sijaona mtu akilipa kodi ya Facebook. Akanieleza kwamba sehemu kubwa kabisa ya mapato ya kampuni zile hutoka kwa wenye matangazo. Kwa hivyo, wanachokitaka kwetu ni macho yetu yakae pale. Khabari azionazo mtu anapofungua ukurasa wake hazikupangwa kwa ukweli wake wala kwa faida yake. Hupangwa kwa hesabu ya mashine inayokisia ni kitu gani kitakachomfanya akae zaidi na abonyeze zaidi. Mfano wake ni mwenye duka asiyekuwekea mbele chakula kilicho bora, bali akakuwekea kile alichokuona jana ukikitupia jicho. Mama yake binti, aliyekuwa kimya jioni zote, akasema, "Kumbe ndiyo maana nikitazama ugomvi mmoja naletewa kumi."

Jioni ya tatu ndiyo iliyonikalia moyoni, nayo ilikuwa khabari ya kupeleka ujumbe mbele, au kama vijana wasemavyo, kufowadi. Alinisomea kwamba mwaka 2009 Twitter walitia kitufe cha kurudia maneno ya mwengine kwa mguso mmoja. Kabla ya hapo mtu alilazimika kuyanakili mwenyewe, na katika kunakili hupata nafasi ya kuyatazama anayoyapeleka. Chris Wetherell, aliyewaongoza waliokitengeneza kitufe kile, alikiri hadharani mwaka 2019 kwamba amekijutia. Na huko India mwaka 2018 watu wasio na hatia waliuawa na makundi ya watu wenye ghadhabu, kwa sababu ya uvumi wa wezi wa watoto uliopita katika simu. Baada ya hapo WhatsApp wakapunguza idadi ya wanaoweza kupelekewa ujumbe kwa mara moja, ikawa watano, kwanza India na kisha, Januari 2019, dunia nzima. Mwezi wa Aprili 2020 wakaongeza kwamba ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi usipelekwe ila kwa mtu mmoja au kundi moja kwa wakati. Wakatia na alama: mshale mmoja kwa ujumbe uliopelekwa mbele, na mishale miwili kwa ule uliopita mikono mitano au zaidi tangu kwa mwenyewe.

Nikamwuliza, "Na mishale hiyo yatuonyesha nani aliyeyasema kwanza?"

Akasema, "La, Maalim. Programu yahesabu mikono tu. Majina haitaji. Na mtu akiunakili ujumbe na kuubandika upya, hata mshale hauji. Huonekana kama kwamba yeye ndiye msemaji wake wa kwanza."

Hapo nilinyamaza kitambo, kwani nilikiona kitu ninachokijua. Kila aliyesoma japo kidogo elimu ya Hadithi anajua kwamba khabari ina sehemu mbili. Kuna matini, nayo ni maneno yenyewe, na kuna isnadi, nayo ni silsila ya watu waliopokezana maneno hayo, fulani kutoka kwa fulani, mpaka kufika kwa msemaji. Abdallah bin al-Mubarak, aliyefariki mwaka 181 wa Hijra, aliihesabu isnadi kuwa ni sehemu ya dini yenyewe, na akaona kwamba lau si hiyo kila mtu angelisema alitakalo. Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 256 wa Hijra, alizunguka Hijazi, Iraq, Sham na Misri kuzitafuta Hadithi na wapokezi wake. Wanazuoni wakauliza juu ya kila mpokezi: Je, ni mkweli? Ana hifadhi nzuri? Alikutana kweli na huyo anayemtaja? Maneno mazuri mno yaliwekwa kando kwa kuwa katikati ya silsila yupo mtu asiyejulikana ni nani.

Basi nikamwambia binti, "Mashine hii imechukua matini ikaitupa isnadi. Na sisi, umma uliosafiri miezi kwa ajili ya isnadi moja, tumekubali bila ya kuuliza." Akaliandika katika daftari lake.

Siku ya nne alikuja uso umembadilika, na yaliyomleta siku hiyo hayakuwa ya koleji.

Katika mtaa wetu yupo mama mmoja mjane anayeuza vitumbua na mahamri asubuhi, na kwa kazi hiyo anawalea mayatima watatu. Kila usiku alikuwa akiroweka kilo nne za mchele. Wiki chache kabla ya hapo ulienea ujumbe katika makundi ya simu kwamba watoto wamelazwa hospitali baada ya kula vitumbua vilivyokaangwa kwa mafuta machafu, na kwamba muuzaji ni yule wa mtaa wetu. Hakuna aliyekwenda kumwuliza. Watu walipita mbele ya meza yake wakitazama upande wa pili. Akafika kuroweka kilo moja, na hiyo pia akawa hurudi nayo nyumbani.

Binti huyu, kwa vile alivyokuwa amekwisha kujifunza, aliutazama ujumbe ule kwa jicho jengine. Aliona kwamba katika makundi ya mtaa wetu ulikuja bila ya mshale, akajua kwamba umenakiliwa na kuandikwa upya, na kwa hivyo upo mkono wa mtu wa karibu ulioutia jambo. Akaanza kuuliza kwa adabu, mtu mmoja baada ya mmoja, yeye kwa wanawake na kaka yake kwa wanaume: "Nani amekuhadithia, na saa ngapi?" Kila simu ina tarehe na saa, basi akaweza kuwapanga wa mwanzo na wa mwisho. Akapata silsila ya watu saba. Alipofika juu akaukuta ujumbe wa asili wenye mishale miwili, hauna jina la mji, wala jina la mtaa, wala siku. Ulisema tu juu ya mama muuza vitumbua karibu na msikiti, na misikiti ya pwani ni mingi. Mtu wa tatu katika silsila ndiye aliyeunakili na kuongeza kwa nia ya kuwatahadharisha watu: "Huenda ikawa ni huyu wa mtaa wetu." Mtu wa nne akaliondoa neno "huenda".

Wanafunzi wa Hadithi wanalo jina la jambo hili. Maneno ya mpokezi yakiingia ndani ya matini, yakasomwa kama kwamba ndiyo khabari yenyewe, huitwa mudraj. Elimu ile haikuwekwa kwa ajili ya mabuku tu.

Na huyo mtu wa tatu, wasomaji wapenzi, alikuwa baba yake mzazi.

Akaniuliza huku akilia, "Maalim, nikinyamaza, mama yule na mayatima wake wamedhulumiwa. Nikisema, nimemfedhehesha baba yangu. Nifanye nini?"

Nikamkumbusha kisa cha Ifki, pale Bibi Aisha (r.a.) alipozuliwa uwongo baada ya safari ya Bani Mustaliq, na Madina ikatikisika kwa muda wa mwezi mzima. Yapo mambo mawili katika kisa kile ambayo watu huyapita upesi. La kwanza, Sura ya 24 haikumlaumu mzushi peke yake. Iliwalaumu pia wale walioipokea khabari ulimi kwa ulimi, wakaona kuisema ni jambo dogo. La pili, miongoni mwa walioichukua khabari ile alikuwamo Mistah, aliyepigana Badri, na aliyekuwa akilishwa kwa mali ya jamaa yake, Sayyidna Abu Bakr (r.a.), baba yake Aisha. Sayyidna Abu Bakr aliapa kutompa kitu tena, na Mwenyezi Mungu akateremsha katika Sura hiyo hiyo, aya ya 22, maagizo ya kusamehe, naye akarejesha ukarimu wake. Basi mtu mwema pia huweza kuibeba khabari mbaya, na akishaibeba mlango haufungwi mbele yake.

Kisha nikamwambia, "Mwanangu, usimwambie mbele ya ndugu zako, wala usimwandikie katika simu. Mtazame Nabii Ibrahim alivyosema na baba yake kwa upole, na baba yule alikuwa mwabudu masanamu, na wako ni mtu wa swafu ya mbele msikitini. Mngoje amalize chakula cha usiku. Mpe karatasi yenye majina saba, na usimwonyeshe lake. Mwache alione mwenyewe."

Akafanya hivyo. Nilihadithiwa na baba mwenyewe, na ni yeye aliyeniruhusu niyaandike haya bila ya jina. Asema aliisoma karatasi mara ya kwanza, akauliza, "Huyu wa tatu ni nani, mbona hukumwandika ila kwa nambari?" Binti akainamisha kichwa. Akaisoma mara ya pili, akaenda katika simu yake, akaitazama tarehe. Usiku ule hakulala.

Asubuhi alikwenda kwa mama yule kabla ya watu kutoka, akamwomba radhi uso kwa uso. Kisha akaandika katika makundi yote aliyoupeleka ujumbe ule, akajitaja kwa jina lake, akasema ni yeye aliyetia neno lisilo na ushahidi. Jumamosi ile alikaa kwenye benchi la mama yule, akala vitumbua vyake mbele ya wapita njia. Mama alimsamehe. Lakini tusidanganyane: si wote walioisoma khabari ya kwanza walioisoma ya pili. Siku hizi anaroweka kilo tatu. Ile ya nne bado haijarudi.

Basi neno langu juu ya somo lile halikuhitajiwa tena, kwani baba alikwisha kulitoa mwenyewe: binti asome. Lakini nitaliandika kwa ajili ya wazazi wengine. Kutumia mtandao wanajua watoto wote. Kujua namna ulivyojengwa wanajua wachache, na mwenye kujua ndiye awezaye kuwa mlinzi wa nyumba yake. Tena chombo hiki hakikuumbwa kitupe isnadi. Ni wajenzi wake waliochagua, na wajenzi wengine wamechagua vyengine. Katika Wikipedia kila ukurasa una daftari lake la nyuma, lenye kuonyesha lini neno limetiwa au limetolewa, na kwa mkono upi. Na hapa petu Kenya, mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 kuleta fitina na damu, Ory Okolloh, Juliana Rotich, David Kobia, Erik Hersman na wenziwao walitengeneza kwa siku chache programu ya kupokea khabari za ghasia kutoka kwa raia na kuziweka katika ramani. Ndani yake pana mahali pa kutia alama khabari iliyothibitishwa na isiyothibitishwa. Jina walilolipa ni neno letu wenyewe: Ushahidi. Mwaka 2010 ikatumika katika zilzala ya Haiti. Kama watu wachache waliweza hayo kwa siku chache, kwa nini mtoto aliyekhitimu Qur'ani asiwe mmoja wa watakaojenga kesho?

Na nyumbani mwetu, kabla ya watoto hao kukhitimu, natutie ada nne.

Kwanza, kila khabari isomwayo mbele ya jamaa iulizwe, "Nani amekuhadithia?" Na jawabu "nimeletewa" lisihesabiwe kuwa ni jawabu.

Pili, yenye mishale miwili ihesabiwe kuwa wapokezi wake hawajulikani. Haimaanishi kuwa ni uwongo. Maana yake ni kwamba haifai kujengewa jambo mpaka ipate nguvu kwengine.

Tatu, khabari inayogusa heshima au riziki ya mtu isitoke nyumbani mpaka mtu huyo mwenyewe, au mwenye kujua kweli, aulizwe. Sura ya 49, aya ya 6, imetuamrisha kuhakikisha tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Sura ya 4, aya ya 83, imetufunza kuzirudisha khabari za amani na khofu kwa wenye kuzijua kabla ya kuzieneza. Khabari za mwezi mwandamo zimo katika hukumu hiyo. Kila Ramadhani simu zetu hujaa miezi ambayo haijulikani imeonwa na nani.

Nne, aliyekosea asahihishe pale pale alipokosea, kwa jina lake, kwani toba ya siri hairudishi wateja wa mjane.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azihifadhi ndimi zetu na vidole vyetu, awape vijana wetu elimu yenye manufaa, na azirudishe heshima za waliodhulumiwa kwa khabari zisizo na mwenyewe. Wabillahi tawfiq.